Kabla hujamlaumu mtu wa mtandao, inamisha kioo cha laptopu

Juzi usiku nimeshashusha neti, simu ikalia. Ujumbe wa kijana mmoja anayesoma haya ninayoyaandika: "Shikamoo kaka. Waifai inakatikakatika kwenye laptopu yangu, kwenye simu haina neno. Nimeshabadili laini mara tatu. Nataka niiuze nianze upya. Unanishauri ninunue ipi?"

Nikamjibu neno moja: usiuze. Halafu usingizi ukapaa. Maana kijana yule ni mimi wa mwaka 2024, tofauti yetu ni kwamba mimi sikuwa na wa kumuuliza, na niliyemuuliza alinila hela.

Basi leo naandika yote, pamoja na yale ninayoyaonea haya.

Nakaa Dunda, hapa Bagamoyo, kwenye nyumba aliyotuachia bibi mzaa mama. Nyumba ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi kwamba watoto hupanda dirishani wakakaa wawili na bao lao katikati. Joto la mchana haliingii. Na mawimbi ya waifai nayo hayaingii, ila hilo nilichelewa kulijua. Ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, ilikuwa sebuleni karibu na mlango wa mbele, kwa sababu soketi nzuri iko pale. Chumba ninachofanyia kazi kiko nyuma, upande wa bahari, kuta mbili mbele yake.

Kazi yangu ni kunukuu sauti. Natumiwa mahojiano ya Kiswahili, nayaandika neno kwa neno na dakika zake pembeni. Wakati huo nilikuwa na mteja mmoja mkubwa wa nje, tena analipa vizuri na kwa wakati. Sikuwahi kuchelewesha faili hata moja. Hata moja! Lakini kila mwisho wa mwezi kulikuwa na kikao cha video, na hicho ndicho kilichonivua nguo.

Kikao cha Julai nilidondoka mara saba. Nilizihesabu. Narudi, nasema "samahani, mtandao", nadondoka. Mara ya saba niliporudi nikawakuta wanazungumza jambo jingine kabisa, hakuna aliyenitupia jicho. Baada ya siku mbili ikaja barua pepe fupi ya heshima: wanamtafuta mtu wa kuaminika zaidi. Wa kuaminika. Mimi ambaye nilinukuu mahojiano ya saa nne nikiwa na homa, shuka begani. Barua ile bado ninayo, na nimeiwekea nyota nisije nikaifuta kwa bahati mbaya.

Sasa, kosa langu lilianza kabla ya hapo. Mtakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti zilipopata hitilafu chini ya bahari, huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki karibu yote ikalala. Siku zile kila mtu alikuwa na haki ya kulalamika. Tatizo ni kwamba nyaya zikatengenezwa, mimi nikaendelea kulalamika. Kila waifai ikikatika: ni zile nyaya. Mwezi wa sita nyaya, mwezi wa saba nyaya. Nilikuwa nimepata mtu wa kumtupia mzigo, na mtu mwenyewe yuko chini ya maji, hajibu.

Nyaya zilipoisha utamu nikamgeukia mtoa huduma. Nikapiga simu, nikasikilizishwa wimbo mpaka nikaujua beti zote. Wakaniambia zima ruta, subiri, washa. Nikahamia kwa mwingine. Nikanunua ruta mpya ya 85,000. Hali ileile.

Ndipo nikamshuku jirani. Mjukuu wa bi mkubwa wa nyumba ya pili, kijana mpole tu, nilimpa nywila yangu mwezi wa Ramadhani asikilize mawaidha. Nikajiaminisha kwamba ananimalizia bando kwa kutazama mpira. Nikabadilisha nywila bila kumwambia, na nilipokutana na bibi yake nikatupa neno la fumbo. Bi mkubwa yule ndiye anayetuletea vitumbua asubuhi. Vitumbua vilikoma wiki tatu. Kijana hakuwa na kosa lolote. Simu yake ilikuwa na bando lake siku zote.

Mnaoishi kwa kazi za mtandaoni mnanielewa. Kazi ikikupotea hivi unamtafuta mchawi.

Baada ya jirani, fundi. Simtaji, wala sitataja duka liko mtaa gani. Aliiangalia laptopu kama daktari, akasema kadi ya waifai, kile kipande cha ndani kinachopokea mtandao, imekufa, 60,000 na niiache mpaka jioni. Jioni nikaichukua. Siku tatu ikaenda vizuri ajabu, nikamsifu kwa watu. Siku ya nne ikarudi kulekule. Nilikuja kugundua baadaye kwamba siku zile tatu nilikuwa nafanyia kazi sebuleni, mita mbili kutoka kwenye ruta, kwa sababu kule nyuma tulikuwa tunapaka chokaa.

Jawabu lilikuja usiku wa kukatika umeme. Ruta nilikuwa nimeichomeka kwenye kibetri chake, laptopu inakula betri yake yenyewe, nami nimejinyoosha kwenye mkeka barazani. Kwa kuwa nimelala chali, kioo nimekifungua sana, kimeinamia nyuma. Mtandao ukafa. Nikaketi nitazame vizuri, nikakivuta kioo mbele kidogo, ukarudi. Nikalala, ukafa. Nikaketi, ukarudi. Nikafanya hivyo mara kumi kama mwendawazimu, mke wangu ananitazama kwenye mwanga wa mshumaa.

Hapa ndipo elimu ilipo, kwa hiyo nisomeeni taratibu. Antena za laptopu nyingi hazikai karibu na kibodi. Ziko pembeni mwa kioo, na kutoka huko zinashuka nyaya mbili nyembamba kama uzi, kwa kawaida moja nyeusi na moja nyeupe, zinapita ndani ya bawaba mpaka kwenye kadi ya waifai chini. Unavyofungua na kufunga kila siku, miaka inakwenda, bawaba inazitafuna.

Safari hii sikurudi kwa yule wa kwanza. Nikapanda daladala la Makumbusho alfajiri, nikateremkia mjini Dar kwa kijana mmoja niliyeelekezwa kwake, kibanda chake hakifiki hata hatua nne. Akageuza laptopu, akaniuliza: "Braza, hii ilishafunguliwa?" Nikamwambia ndiyo, mwezi uliopita, imebadilishwa kadi. Akacheka, akanionyesha stika ndogo ya kiwandani juu ya skrubu. Nzima. Haijachanwa hata ncha.

Elfu sitini yangu.

Alipoifungua, kichwa cha waya mmoja kilikuwa kimeng'oka kwenye kadi, na pale kinapokaa pameota ukijani, kutu ya shaba. Waya wa pili umebanwa kwenye bawaba, ganda limechubuka. Akaniuliza nakaa wapi. Nilipomwambia Bagamoyo, hatua chache kutoka pwani, akatikisa kichwa tu. Upepo wa chumvi nyie, huku hata bawaba za madirisha tunabadilisha kila mara, sembuse kichwa cha waya kidogo kuliko punje ya mchele. Akapasugua kwa spiriti na mswaki, akabadilisha ule uliochubuka. 15,000, na soda akaninunulia yeye.

Nilikuwa nimeshajifunza kupima, kwa hiyo nawapa namba zangu. Kwenye Windows unafungua lile dirisha jeusi la amri, Command Prompt, unaandika netsh wlan show interfaces, unatazama asilimia kwenye mstari wa Signal. Kabla ya fundi, chumbani kwangu nilikuwa napata 41, na kioo kikiinamia nyuma 12. Baada ya fundi, 78, inamisha utakavyo.

Ila kitu kikubwa kuliko vyote, ambacho ningekijua mapema ningekuwa bado na mteja wangu, ni hiki. Fungua madirisha meusi mawili. La kwanza andika ping -t na namba ya ruta yako; amri hiyo inabisha hodi bila kukoma na kusubiri jibu. Kwangu ni 192.168.1.1, yako utaiona ukiandika ipconfig, mstari wa Default Gateway. La pili andika ping -t 8.8.8.8, hiyo iko nje, kwenye intaneti. Yaache yote mawili yakimbie huku unafanya kazi. Mtandao ukikatika, tazama nani amenyamaza. La kwanza likiendelea kujibu na la pili limekufa, laptopu yako na ruta wanaelewana, shida iko mbele: ruta yenyewe, laini, au mtoa huduma. Mpigie, gomba, una ushahidi. Lakini la kwanza nalo likinyamaza, ndugu yangu, tatizo liko ndani ya nyumba yako. Liko kati ya meza yako na ruta. Usimpigie mtu simu.

Mimi nilikuwa na tatizo la ndani ya nyumba, nikalitafuta baharini, kwa mtoa huduma, na kwa jirani.

Mengine ni madogo lakini yalinisaidia. Kwenye betri, kompyuta hupenda kuilaza kadi ya waifai ili ibane umeme, ndiyo maana usiku ule wa giza hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwenye dirisha jeusi andika devmgmt.msc, tafuta kadi yako ya waifai, fungua sehemu inayohusu umeme, kuna kitiki kinachoiruhusu kompyuta kuizima. Kiondoe. Humohumo utaona draiva, programu inayoiendesha kadi: kama shida ilianza mara tu baada ya Windows kujisasisha, rudisha draiva ya zamani kabla hujafanya lolote jingine.

Ruta yangu mpya inatoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Nilichagua 5 kwa sababu namba kubwa ni tamu. Ni kweli ina kasi, lakini ukuta inauchukia, na ukuta wa matumbawe ulionyonya unyevu wa masika ndio kabisa. Nikahamia 2.4. Huku nako kuna msongamano, nyumba za wageni jirani zote zimo humo, basi nikaingia kwenye ruta nikachagua chaneli mwenyewe. Chagua kati ya 1, 6 na 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Na ruta nikaihamisha. Nimenunua waya mrefu, sasa imekaa juu kwenye korido, ukuta mmoja tu kutoka kwangu badala ya mbili. Hiyo peke yake ilizidi ruta ya 85,000.

Kama huna subira ya kukodolea dirisha jeusi, lifungue kwa ruhusa ya msimamizi, andika netsh wlan show wlanreport. Itakutengenezea ukurasa wenye habari za siku tatu zilizopita, kila ulipodondoka na sababu iliyoandikwa. Siku tatu! Kompyuta ilikuwa inaandika kila kitu, na mimi namrushia mafumbo bi mkubwa.

Vijana, nasema na nyinyi mnaotaka kula kwa laptopu kama ninavyokula mimi. Mwenye genge anajua mizani yake. Mvuvi pale sokoni hajasomea uhandisi, lakini mashine ya boti ikikohoa anajua ni plagi au ni mafuta. Sisi tumenunua chombo cha laki nane, hatujui antena iko wapi. Halafu tunaandika kwenye wasifu wetu kwamba sisi ni wataalamu wa kazi za kidijitali. Nimelisema kwa ukali kwa sababu niliandika hivyo hivyo. Pimeni kabla ya kulaumu. Pimeni kabla ya kununua. Mtu akikwambia kadi imekufa, mwambie afungue mbele yako, ukae hapo, uone skrubu zinatoka.

Wiki iliyopita nilikuwa na mafunzo ya saa tatu na mteja mpya, kamera imewashwa mwanzo mpaka mwisho. Sikudondoka hata mara moja. Mwishoni mwendeshaji akawauliza wengine, wenye ofisi za vioo huko waliko, kwa nini wao wanakatika na mtu wa Bagamoyo hakatiki. Nilinyamaza, lakini nilikaa wima. Yule mteja wa zamani nilimwandikia kumweleza kisa chote, waya, kutu na stika. Hajajibu mpaka leo.

Na kijana wangu wa juzi? Nilimpigia asubuhi, akafungua madirisha mawili. La kwanza likanyamaza, kwa hiyo ni ndani. Nikamwambia ainamishe kioo, hakuna kilichobadilika. Akaondoa kitiki, bado. Nikamuuliza: pembeni umechomeka nini? Akasema diski ya nje, ya muvi, iko hapo siku zote. Diski zile za USB 3 hutoa kelele kwenye mawimbi ya 2.4, na yake ilikuwa imelala ubavuni mwa kompyuta kutwa. Akaichomoa. Tukasubiri nusu saa, dirisha la kwanza halikukosa jibu hata moja.

Tangazo la kuuza alikuwa ameshaliweka kwenye stetasi, bei ya kutupa. Amelifuta, lakini kuna mama mmoja wa Kiwangwa ameshatuma nauli ya mtu wa kuifuata, na kijana hapokei simu ya mama huyo kwa sababu hajui aanzie wapi.