Ulikuwa na furaha kweli, Baba?

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako niliusoma nikiwa karakana, nikairudisha simu mfukoni, nikaendelea kupiga randa. Jioni nikausoma tena. Unasema dada mmoja wa kikundi chenu cha maombi hapo Dodoma ana mtoto ambaye madaktari wamemkuta na mtindio wa ubongo, na wenzako wamekuomba wewe uliyekua na kaka wa namna hiyo ukazungumze naye. Maneno yakakupotea, ukaniuliza: "Baba, ile furaha yako tuliyokuwa tunaiona ilikuwa ya kweli, au ulikuwa unajikaza kwa ajili yetu?"

Ilikuwa ya kweli. Na machozi nayo yalikuwa ya kweli. Tafadhali usimwambie huyo dada kwamba mwenye imani halii. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu: inaanza Daudi akimuuliza Bwana atamsahau hata lini, inaisha anaimba. Tafuta hapo katikati mstari unaosema shida ilikwisha. Haupo.

Kaka yako alipokuwa mchanga, shingo haikazi, watu walikuja na maelezo yao. Huyu mizimu, yule laana ya ukoo. Mhubiri mmoja mpita njia alitutaka tuungame dhambi tuliyoificha, kisha tutoe sadaka. Mama yako alimfungulia Yohana 9, pale wanafunzi wanapouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Halafu akamkaribisha chai. Mgeni aliaga bila kuinywa.

Daktari wa hospitali ya KCMC, kule Moshi, naye alitueleza bila kuzunguka. Uchungu ulikuwa mrefu, mtoto akachelewa kulia, ubongo ukakosa oksijeni, na sehemu inayoongoza misuli ikaumia. Mtindio wa ubongo hauambukizi. Lile jeraha la ubongo halitaongezeka, wala halitaondoka. Mwambie dada asikatishe mazoezi ya viungo hata akiona mtoto habadiliki, maana misuli isiponyooshwa, viungo hukakamaa.

Unakikumbuka kile kiti? Mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyenichorea kwenye karatasi: mgongo wima, pa kukanyagia, na kigingi katikati ya mapaja kilichovikwa sponji, kwa sababu miguu yake ilikuwa ikijikaza na kupishana kama mkasi. Nikakitengeneza kwa mbao za mgrevilea, na kila alipokua nikakitengeneza upya. Hapo ndipo kumlisha kukawa kazi yangu ya jioni. Anakaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, unangoja ameze ndipo unaongeza. Maji matupu yalimpalia haraka. Mtori mzito ulishuka vizuri. Huwezi kumharakisha, hata kama kuna mteja anasubiri mlango wake. Anafungua mdomo kabla kijiko hakijafika, anakutazama machoni, anacheka, mtori unamwagika kifuani, na wewe na uchovu wako unajikuta unacheka naye. Sikuwa nimeomba furaha ya namna hiyo. Nilikuwa nimeomba atembee.

Siku hizo habari ya Mefiboshethi, yule mwana wa Yonathani katika Biblia, ikaniingia. Mlezi wake alimwangusha akiwa na miaka mitano, akalemaa. Miaka mingi baadaye Daudi anamwita, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba alimponya. Alimpa nafasi mezani. Sura ya 9 ya Samweli wa Pili inamalizia hivi: alikuwa akila chakula sikuzote mezani pa mfalme, naye alikuwa na kilema cha miguu yote miwili. Mwandishi hakukificha kilema ili habari iwe nzuri. Mimi uponyaji wa kaka yako niliuomba na bado nauomba, ila tangu hapo niliacha kuahirisha furaha mpaka ombi lijibiwe.

Na kipaimara chake ulikiona kwa macho yako, ingawa ulikuwa mdogo. Baadhi ya wazee wa kanisa walisema asiyeweza kukariri Katekisimu asimame kando. Mchungaji akasema atamuuliza mwenyewe. Akamuuliza kama anamwamini Yesu, na kaka yako akainua mkono wa kushoto, ule unaomtii, akatoa sauti iliyogeuza vichwa mpaka benchi la mwisho. Mkate akapewa umechovywa kwenye divai usije ukamkwama kooni. Mimi niliye besi ya kwaya sikuweza kutoa noti hata moja. Mpaka leo hupiga kelele katikati ya mahubiri, na tuseme ukweli, mara nyingine anapiga pale pale ambapo hata mimi ningetamani mchungaji afunge.

Yapo ambayo sitaki umpambie huyo dada. Usiku wa degedege. Mgongo wa mama yako. Wababa wanaoondoka nyumbani na kumwachia mama mtoto, kisha Jumapili wanakaa benchi la mbele. Na lile swali la nani atamtunza sisi tukishaondoka, hilo bado linaniamsha usiku, furaha haijalijibu. Sikuandikii ili ulibebe peke yako. Tutaliongea wote ukija Krismasi, na yeye akiwepo, maana anaelewa kuliko watu wanavyodhani.

Ukienda kwake, siku ya kwanza usibebe mistari ya Biblia. Beba chakula kilichoiva, umpokee mtoto, mama aoge na kulala kidogo. Akikuuliza kuhusu mimi, mwambie nililia na nilifurahi, mara nyingine kwenye mlo ule ule mmoja.

Halafu muda wa mtoto kukalishwa ukifika, mtaalamu wake akishakubali, nipimie: nyonga hadi goti, goti hadi kisigino, na upana wa nyonga. Kiti nitakituma kwa basi, gharama isimsumbue. Kaka yako atasimamia kazi. Nikijigonga nyundo kidoleni, yeye ndiye wa kwanza kucheka.

Ni mimi,
Baba yako