Kusoma tamaduni za Waislamu kwa wahadhiri wasio Waislamu

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh wangu. Nimepata nafasi ya kusoma Kiarabu na tamaduni za Waislamu katika chuo kikuu kimoja cha London. Ami yangu anasema ni haramu, kwa kuwa wahadhiri wengi huko si Waislamu. Je, niiache?

JIBU: Wa alaykumus salam warahmatullahi wabarakatuh.

Hofu ya ami yako ina asili, wala usiidharau. Muhammad bin Sirin, mwanachuoni wa kizazi kilichofuata Masahaba, katika maneno aliyoyapokea Imam Muslim kwenye utangulizi wa Sahihi yake, amesema kwamba elimu hii ni dini, basi tazameni mnaichukua dini yenu kwa nani. Lakini hayo yanahusu itikadi, halali na haramu. Hayamzuii mtu kujifunza lugha, historia na desturi kwa anayezijua. Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, na wapo mateka wa Badr, nao ni washirikina, ambao fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika.

Kwa hiyo yajuzu kusoma huko, ila usiende bila msingi, na hili nalitilia mkazo kuliko jingine lolote. Utakutana na hoja ya Joseph Schacht, mtafiti wa Ulaya asiye Muislamu, aliyedai mwaka 1950 kwamba isnadi nyingi (milolongo ya wapokezi) za Hadithi za kisheria zilitungwa karne ya pili Hijria na baada yake. Asiyejua hata namna isnadi inavyochunguzwa atatikisika. Sheikh Muhammad Mustafa al-A'zami hakutikisika, kwa sababu alipitia kwanza vyuo vya Kiislamu vya Deoband, India, na al-Azhar, Misri, ndipo akaenda Cambridge, na mwaka 1966 akapata udaktari kwa utafiti uliokusanya ushahidi kwamba Hadithi ziliandikwa tangu zama za Masahaba.

Basi kabla ya safari, kaa na mwalimu wako wa madrasa akusomeshe mustalah ya Hadithi, yaani elimu ya kuzichunguza na kuzipanga daraja, japo shairi la al-Bayquniyya tu, ambalo ni beti 34. Katika mtihani, rai ya mtafiti itaje kwa jina lake, useme fulani anadai kadha. Kunukuu si kuamini, kwani Qur'ani yenyewe imenukuu maneno ya Firauni. Na shubuha, yaani shaka katika dini, ikikuganda moyoni, usikae nayo peke yako, muulize mwanachuoni mapema.

Wallahu a'lam.