Punda wangu hakua mkaidi, alikua anaumwa miguu

Wadau wa mifugo habari zenu. Mi nakaa Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha mjini, nina nusu eka na punda dume aliyehasiwa tunamwita Diwani, kwasababu ukimhitaji haonekani ila ukifungua mlango wa stoo ashafika. Watu wananiuliza nimemtulizaje yule mnyama, na ukweli ni kwamba ye hajabadilika sana, nilichobadilisha ni chakula na mahali anapokaa.

Nilivyomnunua alikua anabeba madumu ya maji, mbavu unazihesabu. Nikamwonea huruma, nikaanza kumwekea pumba ya mahindi asubuhi na jioni, juu yake mashudu ya alizeti, yani kama nafuga ng'ombe wa maziwa. Baada ya miezi kadhaa shingo ikajaa mafuta pale kwenye manyoya ya juu mpaka yakaanza kulalia upande mmoja, na mi nikawa naita watu waje waone punda alivyonawiri. Halafu akaanza kugoma. Ukivuta kamba anasimama kama kapigiliwa misumari, miguu ya mbele kaitanguliza, uzito wote kaurudisha nyuma. Jirani akaniambia mtie fimbo huyo, punda haendi bila kigongo. Nikamchapa kweli, na aibu ninayo hadi leo, maana daktari wa mifugo alipokuja aliinama akashika kwato za mbele akasema hebu weka mkono na wewe hapa. Nikaweka. Za moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Kumbe wanga wote ule wa pumba, pamoja na unene, vimemletea uvimbe ndani ya kwato, kila hatua ni maumivu, na mi namwita mkaidi.

Akili yangu ya haraka ikasema basi nimnyime chakula apungue. Daktari akanikatalia kabisa, na hili naomba mlishike: punda mnene usimlaze njaa ghafla. Akikosa kula, hata siku mbili tatu, mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu kwa fujo, ini linazidiwa, anaweza kufa. Pumba ilisimama siku ileile ila majani makavu alikua nayo muda wote, tena kumpunguza unene tulienda taratibu. Na ukiona punda yeyote, mnene au mwembamba, kasusa chakula, usisubiri kesho, pigia daktari.

Punda sio ng'ombe, na sio farasi mdogo pia. Mababu zake ni wa jangwa, huko Somalia na Eritrea, tumbo lake limezoea vitu vikavu visivyo na lishe nyingi, na anatakiwa atafune kutwa. Punda wa kilo 150 hivi anamaliza kama kilo 2 hadi 2.7 za majani makavu kwa siku, basi. Mi natumia mabua ya mahindi, na nikipata gari linaloshuka kutoka Monduli au West Kilimanjaro nachukua majani ya ngano au shayiri yanayobaki baada ya mavuno, hayo ndo bora kwake. Majani mabichi kidogo tu. Maji safi muda wote, na jiwe la chumvi.

Vitu viwili huku kwetu vinaua na watu hawajui. Kwanza mabua au mahindi yaliyoota ukungu, usiseme punda hachagui, sumu ya ule ukungu inashambulia ubongo. Pili ni mparachichi. Huku Arusha na Moshi kila uwanja una mparachichi na sisi tunamfunga mnyama kivulini pale pale, majani yake ni sumu kwa punda, na maganda na matunda msimpe pia. Mi nilikua namfunga hapo mwaka mzima, sijui Mungu alinisaidiaje.

Tatizo likabaki kwamba mabua anayamaliza saa nne asubuhi, halafu kutwa anatafuna milango. Nikamtundikia kwenye ule mfuko wa wavu wa vitunguu, akala mabua na wavu wenyewe, nikautoa kinywani mwake metre nzima, msijaribu. Nikasuka wavu wa kamba ya katani wenye matundu madogo, nautundika usawa wa kifua ili ukiisha usining'inie akaingiza mguu. Sasa mabua ya saa mbili yanafika mchana.

Ila kilichosaidia zaidi ni eneo. Mwanzoni alikua na kibanda kidogo, anasimama tu ananenepa. Nikachukua mirunda nikazungushia njia nyembamba pembezoni mwa shamba lote, maji nikayaweka kona moja, wavu kona nyingine, chumvi mwisho kabisa, akitaka chochote atembee mwenyewe. Seng'enge usiweke, atajichana. Banda liko katikati ya njia, mita 3 kwa 3, mbele wazi, sakafu nimeinua kwa moramu, kwasababu manyoya ya punda hayazuii mvua kama ya farasi, akilowa analowa mpaka ngozi, na masika yetu mnayajua, kwato zikikaa kwenye tope wiki mbili zinaoza zinanuka. Fundi anazipunguza kila baada ya wiki 8 hivi.

Kifua nakipima kila mwezi kwa futi ya cherehani, naandika ukutani kwa mkaa. Ilichukua karibu mwaka kurudi sawa, na ile nundu ya shingo haijaisha kabisa.

Akigoma siku hizi sivuti. Punda akiogopa hakimbii kama farasi, anasimama anafikiria, kwahiyo na mi nasimama. Juzi aligomea dimbwi dakika 20, wapita njia wananicheka, halafu akavuka kama hamna kitu.

Mwezi wa sita nimemletea jike mzee wa shangazi, maana punda peke yake hana raha. Kelele za usiku zimeisha. Ila Diwani anajua kufungua komeo kwa mdomo, na sasa wanatoka wawili kwenda kwenye migomba ya shangazi huyohuyo, ambaye kanipigia simu asubuhi hii.