Kabla ya Kilimanjaro, Tembea Kwanza Udzungwa

Ndugu na marafiki huniuliza mara kwa mara waanze na hifadhi gani ikiwa wanataka kutembea kwa miguu badala ya kutazama wanyama kupitia dirisha la gari, na jibu langu halijabadilika: Milima ya Udzungwa. Hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, hutembelewa kwa miguu, kwa hiyo anayetaka kuujua msitu wake hana budi kupanda. Kutoka Dar es Salaam unapanda basi la Ifakara, ambalo huacha barabara kuu pale Mikumi na kupita Kidatu, nawe unashuka Mang'ula. Usisahau kitambulisho cha NIDA, kwa kuwa kiingilio cha raia ni nafuu sana kuliko cha mgeni.

Anayeanza namshauri ashike njia ya maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka jumla ya meta 170. Si lazima uwe mwanariadha, lakini viatu ni lazima vikufae. Safari yangu ya kwanza nilivaa viatu vipya vilivyonibana kidogo mbele, nikitumaini kwamba vitalegea njiani. Wakati wa kupanda sikuhisi lolote. Katika kushuka, vidole viligonga ncha ya kiatu kila hatua, na jioni nilipovua soksi nikakuta kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi. Tangu siku hiyo hununua viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, nikaacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, na huvitembelea mtaani wiki kadhaa kabla ya safari. Nikifika kileleni, kabla sijaanza kushuka, hukaa chini nikafunga kamba upya na kuzikaza kwenye kifundo ili mguu usiteleze mbele.

Anzeni mapema, ikiwezekana saa moja asubuhi, kwa sababu joto la bonde la Kilombero hupanda upesi na unyevu wa msituni humaliza maji mwilini; lita mbili kwa kila mtu si nyingi. Ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi, maana siafu hukatiza njia na hutawaona mpaka wamekuuma. Tena, tafadhali, msimharakishe anayewaongoza. Ndiye atakayesikia matawi yakitikisika na kuwaonyesha mbega mwekundu, au, mkiwa na bahati, yule nyani wa Sanje ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979, ilhali wenyeji walikwisha kumpa jina lake, ngolaga.

Ukishazoea milima ya namna hii, ndipo uifikirie Kilimanjaro. Huko tatizo kubwa ni kimo, wala nguvu za miguu hazitakukinga. Kwa njia ya Marangu, kibanda cha Horombo kiko kwenye meta 3,720 na cha Kibo kwenye meta 4,720, na wengi hupita Horombo kwa kulala usiku mmoja tu ili kupunguza gharama. Lipia usiku wa pili hapo. Mchana panda taratibu kuelekea Mawenzi, kisha urudi kulala palepale, na ukiamka na kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu, mwambie kiongozi wako kabla hamjafunga mizigo.