Fungu moja, mlo mmoja

Swali la wiki hii liliuliza: anayeishi peke yake afanyeje ili apike nyama kwa mkupuo bila kula kitu kilekile wiki nzima?

Mimi nasema asigandishe chakula kizima. Agandishe nyama iliyoiva pamoja na supu yake, basi. Ukishaiunga sufuria nzima kwa nyanya na viungo vikali umejifunga mwenyewe, na ukifika fungu la tatu utaanza kutafuta visingizio vya kula nje. Nyama iliyochemshwa kwa chumvi, kitunguu na tangawizi haina ubishi: leo unaiunga nyanya, keshokutwa unaikausha kwa pilipili hoho, siku ya mafua inakuwa supu.

Kazi yenyewe iko kwenye kufungasha. Chukua mfuko wa zipu na uandike tarehe kwanza, kwa sababu mfuko ukishalowa wino haushiki. Tia nyama ya mlo mmoja (kwangu ni kama gramu 150), kisha supu ya kufunika vipande. Ulaze kwenye trei, usawazishe kwa kiganja hadi unene wa sentimita 2 hivi huku ukiisukuma hewa itokee mdomoni, halafu funga. Ukishaganda unausimamisha kama daftari, na friza ndogo inameza mifuko mingi ajabu.

Wembamba huo si wa kuokoa nafasi tu. Nyama inayoganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu zinazotoboa nyuzi zake, ndiyo maana bonge kubwa likiyeyuka humwaga maji na kubaki kavu. Supu nayo huizuia hewa. Nyama iliyo wazi hukauka humohumo kwenye baridi na kupata mabaka ya kijivu. Hayamdhuru mtu, ila kuyatafuna ni adhabu.

Hapo kwenye kupoza, tafadhali, tusifanye mzaha. Kuna bakteria ambao mbegu zao haziuawi na kuchemka, na huamka nyama ikiwa vuguvugu. Sufuria iliyojaa ikiachwa jikoni hadi asubuhi inawapa usiku mzima wa kuzaana. Igawe kwenye vyombo vipana vyenye kina kifupi, na ndani ya saa 2 iwe imeingia kwenye friji. Ikishapoa, ndipo iende friza. Baridi haiwaui bakteria hao, huwasimamisha tu.

Friza ikikaa kwenye nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, nyama iliyopikwa hubaki tamu miezi 2 hadi 3. Baada ya hapo haigeuki sumu, lakini mafuta huanza kuchacha, hasa ya nyama nono.

Kuyeyusha ni rahisi: hamishia friji usiku, au ukisahau, tia bamba lenyewe kwenye sufuria na maji kidogo, funika, uache lichemke hasa. Pasha fungu la kula sasa hivi, usirudishe kiporo chake kwenye friza. Nyama mbichi iliyoyeyukia ndani ya friji, kinyume na wengi wanavyoamini, unaweza kuipika na kuigandisha tena. Iliyoyeyukia mezani siku nzima, itupe.

Viazi vipike siku ya kula. Vikiganda hutoka na majimaji na chengachenga.

Wengine watauliza kuhusu umeme. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Sisi wa mlo mmoja mmoja mara nyingi tuna friza nusu tupu, kwa hiyo mimi hujaza mapengo kwa chupa za plastiki zenye maji, zikiwa zimepungua vidole viwili juu, maana maji yakiganda hutanuka na kupasua chupa.