Uliza Tukujibu: Msimu mzima na timu ya mtaani, England

Toleo lililopita niligusia kidogo timu ndogo za England, zile za non-league, yaani zilizo chini ya madaraja manne ya juu, na maswali yakamiminika, mengine kutoka kwa ndugu zetu wanaoishi huko huko na mengine kutoka nyumbani. Haya ndio niliyoweza kujibu safari hii.

Shikamoo dada. Niko Leicester nasoma mwaka wa kwanza. Nyumbani mimi ni Simba damu, uwanjani nilikuwa sikosi. Huku tiketi za timu kubwa siziwezi, na Jumamosi saa tisa hata kwenye TV mechi hazionyeshwi. Mzee mmoja jirani ananiambia twende tukaangalie timu ya kijijini kwake. Hiyo ni ligi gani, na nikiifuatilia nitapata kitu au napoteza muda?
*Mwanafunzi, Leicester*

Marahaba mdogo wangu. Nenda na huyo mzee, tena nenda wiki hii hii. Hilo la kukosa mechi kwenye TV lina uhusiano kabisa na timu ya kijijini kwake: Jumamosi kuanzia saa nane na dakika 45 mchana mpaka saa kumi na moja na robo jioni hairuhusiwi kurusha mechi mubashara huko England, ni utaratibu wa tangu miaka ya 1960, na nia yake ni watu wasijifungie sebuleni wakaziacha klabu ndogo na majukwaa matupu. Kwa hiyo hiyo saa tisa imeachwa wazi kwa ajili ya timu kama hiyo.

Ligi zenyewe ziko hivi. Juu kuna madaraja manne yenye timu 92, Ligi Kuu timu 20 na nyingine 72 ziko Championship, League One na League Two. Kuanzia hapo kushuka chini ndo non-league. Inaanza National League yenye timu 24, chini yake kuna National League North na South, kila moja timu 24, halafu zinafuata ligi za kanda, Isthmian upande wa London na kusini mashariki, Southern, na Northern Premier, na hizo nazo zina madaraja yake, alafu ndo unaingia ligi za kaunti huko chini kabisa. Zote zimeunganishwa kwa kupanda na kushuka. Yaani timu ya kijiji ikishinda miaka mingi mfululizo, kwenye makaratasi hakuna kinachoizuia kufika Ligi Kuu. Hapo Leicester ulipo, ukitoka nje kidogo tu ya mji unakutana na Anstey Nomads, Quorn, Loughborough Dynamo, hujakaa kwenye basi sana.

Sasa kuhusu kupata kitu. Mimi nakushauri usiende mara moja ukasema umeona. Shika timu moja kuanzia Agosti mpaka mwisho wa Aprili, kwa sababu raha ya hizi timu inakuja taratibu. Mwezi wa kwanza unaona watu mia mbili wamesimama kwenye reli, mpira unapigwa juu, basi. Ukirudi tena unaanza kuwajua. Yule mama wa getini anayekukatia tiketi ndo huyo huyo anayeuza bahati nasibu wakati wa mapumziko. Mzee mwenye uma wa bustani anayezungukia uwanja kufukia mashimo ya njumu za wachezaji hajalipwa hata senti. Na timu zikibadilishana magoli kipindi cha pili, mashabiki nao wanahama, unaona kundi zima linatembea polepole kando ya reli kutoka nyuma ya goli moja kwenda nyuma ya lingine ili waendelee kuwa upande ambao timu yao inashambulia, na hakuna askari wa kuwazuia. Ukisimama pale nyuma ya goli unasikia kila neno golikipa analowaambia mabeki wake. Emirates kwa Arsenal husikii hiyo hata ulipe kiasi gani.

Kitu kingine cha kufuatilia ni kikosi, na hapa wageni wengi wanachanganyikiwa. Wachezaji wengi wa madaraja haya hawana mkataba wa kuwafunga, klabu nyingine ikimtaka mtu inatoa taarifa ya siku saba kwa klabu yake halafu inaruhusiwa kuzungumza naye, ndo maana straika uliyemshangilia Jumamosi unaweza kumkuta Jumanne ya wiki ya pili amevaa jezi ya wapinzani. Wengine wanakuja kwa mkopo wa mwezi kutoka timu kubwa. Kwa hiyo timu ya Agosti na timu ya Aprili zinaweza kuwa watu tofauti kabisa, na kocha anayeweza kushona hicho kikosi upya kila mwezi bila timu kuporomoka, huyo mheshimu sana.

Na wewe wa Leicester ndo usiniulize kama kuna vipaji. Jamie Vardy alianzia Stocksbridge Park Steels akilipwa pauni 30 kwa wiki huku akifanya kazi kiwandani, akaenda Halifax, akaenda Fleetwood akafunga mabao 31 ya ligi msimu wa 2011/12, Leicester wakamnunua kwa pauni milioni moja akiwa bado ni mchezaji wa non-league, na mwaka 2016 akawa bingwa wa England. Kuna watu kule Stocksbridge wanasimulia walivyomwona akikimbia kwenye tope mbele yao.

Bei? Kwa ligi za kanda mara nyingi hauzidi pauni 15, na mwanafunzi unapunguziwa, beba kitambulisho.

Dada habari. Huwa nasikia timu za wauza samaki na walimu zinacheza na Tottenham kwenye Kombe la FA. Zinafikaje huko? Nani anazichagua?
*Mdau wa soka, Mwanza*

Nzuri kaka. Hakuna anayezichagua, zinatembea zenyewe kwa mguu. FA inaanza mwanzoni mwa Agosti, wakati timu kubwa hata ligi hazijaanza, kuna raundi ya awali kabisa, inafuata nyingine ya awali, halafu raundi nne za kufuzu. Timu za North na South zinaingia raundi ya pili ya kufuzu, za National League zinaingia ya nne. Washindi 32 wa hiyo ya nne ndo wanakutana na timu za League One na League Two mwezi Novemba, na Ligi Kuu na Championship wanaingia Januari raundi ya tatu. Kila raundi ukishinda unapewa hela, na kwa klabu ya chini hela ya raundi mbili tu inaweza kuwa mashine mpya ya kukatia nyasi au taa za uwanja.

Marine ya Crosby, karibu na Liverpool, walikuwa daraja la nane walipowapokea Tottenham ya Mourinho Januari 2021. Uwanja wenyewe umepakana na bustani za nyuma za nyumba za watu. Ilikuwa Corona hakuna mashabiki, basi klabu ikauza tiketi za mtandaoni za pauni 10, tiketi ambazo haziingizi mtu popote, na watu zaidi ya 30,000 wakanunua ili tu kuisaidia. Walifungwa 5-0 na wala haikuwa na shida.

Ila kuna jambo linaniuma na nitalisema. Januari 2025 Tamworth wa National League wakiwa kwenye uwanja wao wenyewe waliwabana Tottenham hao hao dakika 90 zote, 0-0. Zamani hapo mechi ingerudiwa London, Tamworth wangepata mgao wa mapato ya uwanja unaoingiza watu zaidi ya 60,000, hela ya kuendesha klabu sijui kwa miaka mingapi. Lakini kuanzia msimu huo marudio yakafutwa kuanzia raundi ya kwanza rasmi, wakapigishwa nyongeza wakafungwa 3-0, ikawa imeisha. Sababu iliyotolewa ni ratiba ya wakubwa kubana. Sijaikubali mpaka leo.

Na sio lazima uangalie FA tu. Timu hizi zina makombe yake, FA Trophy kwa madaraja manne ya juu ya non-league na FA Vase kwa ya chini yake, na tangu 2016 fainali zote mbili zinachezwa siku moja Wembley mwezi wa tano. Fundi bomba anacheza fainali Wembley, watoto wake wako jukwaani. Itafute siku moja uiangalie.

Tumebishana sana kijiweni. Hivi ni kweli kuna Taifa Stars waliotoka hizo ligi za chini za England? Mimi nimesema hapana.
*Mzee wa kahawa, Tanga*

Shikamoo mzee wangu. Hapa wenzako wamepatia. AFCON ya Ivory Coast Januari 2024, Tarryn Allarakhia alitokea Wealdstone, Haji Mnoga alikuwa Aldershot Town kwa mkopo kutoka Portsmouth, zote za National League, na Ben Starkie alitokea Basford United ya Nottingham iliyoko chini zaidi, Northern Premier. Ile timu iliyotoka sare 1-1 na Zambia na 0-0 na Kongo ndo hiyo. Kabla yao AFCON 2019 alikuwepo Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, aliyetokea Solihull Moors. Na majirani zetu Kenya wana Jonah Ayunga, aliyepita Havant & Waterlooville kabla hajafika St Mirren ya Scotland.

Waambie pia hapo kijiweni kwamba hizi sio mechi za ndondo. National League wengi ni wachezaji wa kulipwa wa muda wote, ukishuka ndo unakuta anayefundisha shule mchana na mazoezi Jumanne na Alhamisi usiku.

Assalaam aleikum dada. Nina watoto wawili, 7 na 10, wanapenda mpira mno. Naogopa walevi na maneno ya ubaguzi. Nitakuwa salama?
*Mama wawili, Milton Keynes*

Waaleikum salaam mama. Kwa watoto hakuna mahali pazuri kama huku, wengi wanaingia bure au kwa pauni moja mbili, wanakimbia nyuma ya goli, na mechi ikiisha wanagongeana tano na wachezaji.

Pombe nikwambie ukweli. Sheria ya mwaka 1985 inakataza kunywa huku unaangalia uwanja, ila inahusu madaraja matano ya juu tu, yaani kuanzia National League North na South kushuka chini utaona watu na glasi zao kando ya reli. Wengi ni wastaarabu, lakini kama hutaki watoto wawe karibu, simama upande wa mbali na baa ya klabu, kwa kawaida inakuwa upande mmoja tu. Chakula ni chipsi na baga, halali sio kila mahali, uliza kwanza au beba chapati zako, hakuna atakayekusumbua.

Ubaguzi upo, siwezi kukuficha. Oktoba 2019 wachezaji wa Haringey Borough walitoka uwanjani wakicheza na Yeovil kwenye mechi ya kufuzu FA kwa sababu ya matusi ya ubaguzi kutoka jukwaani, mechi ikavunjika na ikabidi ichezwe upya. Mimi niliwapenda sana kwa kutoka. Ukisikia kitu, mwambie msimamizi aliyevaa koti la kung'aa hapo hapo, kwenye uwanja wa watu mia tatu mtu hawezi kujificha. Taasisi ya Kick It Out nayo inapokea malalamiko. Watoto wakikuuliza kilichotokea waelezee tu ukweli.

Dada, Wrexham walikaa huko chini miaka 15 na ni timu kubwa. Ugumu ni nini?
*Shabiki, Nairobi*

Ugumu ni mlango mwembamba. Kutoka National League kwenda League Two tangu 2003 zimekuwa nafasi mbili tu, bingwa na mshindi wa pleiofu (mchujo wa timu zinazomfuata bingwa), wakati League Two yenyewe inapandisha timu nne. Mwaka 2023 Wrexham walimaliza na pointi 111, Notts County 107, na huyo wa 107 akalazimika kucheza pleiofu na kushinda fainali kwa penalti. Pointi 107! Oldham waliokuwepo kwenye Ligi Kuu ilipoanza 1992 walishuka huko 2022 wakatoka 2025 kwa pleiofu. Klabu za National League zimekuwa zikidai nafasi ya tatu, na kwa maoni yangu wana haki kabisa.

Kingine ni uwanja. Nyasi bandia zinaruhusiwa non-league, na zinaingiza hela maana watoto na timu za mtaa wanakodi kila siku, ila League Two hazikubaliki. Sutton walipopanda 2021 na Bromley 2024 wote walilazimika kuzing'oa wapande nyasi za kawaida.

Msimu umeshafika Februari. Nimechelewa, au nisubiri Agosti?
*Msomaji, Manchester*

Hujachelewa hata kidogo, umekuja wakati mzuri. Desemba na Januari mvua na barafu vinaahirisha mechi nyingi, na zote zinarundikana Machi na Aprili, kuna timu zinacheza Jumamosi, Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, na vita ya kupanda na kushuka inaamuliwa na nani bado ana miguu. Hapo Manchester una FC United, klabu iliyoanzishwa na mashabiki wenyewe mwaka 2005, anzia hapo kama huna ya karibu zaidi. Ila kabla hujatoka nyumbani angalia ukurasa wa klabu, refa anakagua uwanja asubuhi na wakati mwingine tena saa moja kabla ya mechi, na akisema hapana ni hapana. Vaa soksi mbili.