Barua kwa mwanangu: Ukija Dayton, usije kwa ajili ya ghala

Mwanangu Amani,

Salamu kutoka kwetu. Sisi wazima, mguu wa mama yako umeacha kuvimba na amerudi kazini. Ile sauti uliyotuma WhatsApp kutoka Houston nimeisikiliza mpaka mwisho. Unauliza: "Baba, huko Dayton kazi zipo kweli, au mnang'ang'ania tu kwa sababu nyumba ni za bei rahisi?" Kwa simu ungenikatiza, kwa hiyo nimeamua kuandika.

Kazi zipo. Ila siyo zile zilizoujenga mji huu wa Ohio, na ndugu zetu wengi wanaohamia Ohio kutoka Texas hawaulizi tofauti.

Wazee wa hapa ukikaa nao baada ya ibada watakutajia viwanda vyao kimoja baada ya kingine, kama babu yako alivyokuwa akitutajia vijiji vya kwetu Fizi, Kongo. NCR, kampuni ya mashine za kuhesabia pesa dukani, ilizaliwa hapa mwaka 1884, na mwaka 2009 ikatangaza kuhamishia makao yake Georgia. Kiwanda cha magari cha General Motors pale Moraine, nje kidogo ya mji, kilifungwa tarehe 23 Desemba 2008, siku mbili kabla ya Krismasi. Mwaka 1960 jiji hili lilikuwa na watu 262,000 hivi. Sensa ya 2020 ilikuta 137,000 na kidogo. Hizo nyumba rahisi unazozisifu ni za hao walioondoka.

Lile jengo la Moraine halikubaki tupu. Wachina wa kampuni ya Fuyao walilinunua mwaka 2014, wanatengeneza vioo vya magari, na wameajiri watu zaidi ya 2,000. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mwanzoni mshahara waliolipa haukufika hata nusu ya ule wa General Motors, na mwaka 2017 wafanyakazi walipopiga kura ya kuleta chama cha wafanyakazi, 868 walikataa na 444 wakakubali. Kwa hiyo ukiambiwa kiwanda kimerudi, uliza kama na mshahara nao umerudi.

Sasa maghala. Barabara kuu ya I-70 na ya I-75 zinakutana kaskazini mwa mji, karibu na uwanja wa ndege, na malori yakitoka hapo yanafika sehemu kubwa ya Marekani kwa siku moja. Ndiyo maana maghala yamejaa upande ule, na vijana wetu wamejaa ndani yake. Ajensi ya kutafutia watu kazi inakuandikisha leo, kesho unafunga maboksi. Krismasi ikipita na oda zikapungua, unapata meseji kwamba kesho usije. Bila gari ndiyo taabu zaidi: Dayton ina mabasi ya umeme yanayopita chini ya nyaya, mazuri kuyatazama, lakini shifti ikiisha saa tisa usiku usitegemee basi la kukurudisha nyumbani. Hiyo kazi unayo tayari Houston. Kuhama maili elfu moja ili ufunge maboksi yale yale kwenye theluji, mimi siioni faida yake.

Tena kuna hesabu ambayo hukuitaja. Texas hamkatwi kodi ya mapato ya jimbo. Hapa jimbo linakata, na jiji la Dayton lenyewe linachukua asilimia 2.5 ya mshahara wako. Ukilinganisha pango la nyumba la huko na la huku, weka na hiyo.

Sasa nikuambie mimi ningekuja kwa ajili ya nini. Mji huu una karakana nyingi za vyuma, nyingine ndogo kabisa, na mafundi wake wamezeeka. Wanatafuta mtu wa kuendesha mashine za kuchonga vyuma, mchomeleaji, fundi umeme, fundi wa mitambo ya joto na baridi. Wewe ulikuwa unafungua redio za watu kule kambini Nyarugusu, Tanzania, hujabalehe. Chuo cha Sinclair, katikati ya mji, kinafundisha kazi hizo, na ada yake kwa wakazi wa kaunti yetu ya Montgomery ni ndogo kwa sababu wenye nyumba wa kaunti wanakichangia kwa kodi wanazolipa. Kwa hiyo angalia unapanga nyumba wapi. Kettering ni sawa. Ukienda Fairborn umeshatoka kaunti, na ada inapanda.

Mkamwana wangu hana shida kubwa. Wagonjwa na wazee hapa hawakosekani, hospitali na nyumba za wazee zinatafuta watu kila wakati. Cheti chake cha Texas cha kuhudumia wagonjwa aulizie mapema namna ya kukihamishia Ohio, asisubiri mpaka mfike.

Halafu kuna kambi ya jeshi la anga ya Wright-Patterson. Hakuna mahali pamoja Ohio penye ajira nyingi kuliko pale, ni watu zaidi ya 30,000, na wengi hawavai sare: mafundi, makarani, watu wa kompyuta. Lakini kazi za serikali mle karibu zote zinataka raia. Sisi wakimbizi ile miaka 5 ya kungoja kuomba uraia inahesabiwa tangu siku tuliyotua, siyo siku ya kupata grin kadi. Yako imeshapita zamani. Fomu ya N-400, ya kuomba uraia, unaiogopea nini? Hata ukibaki Houston, ijaze.

Mama yako atakuambia njoo tu, njoo kesho. Anamtaka mjukuu. Kwa hili usimsikilize.

Muhula wa Sinclair unaanza mwezi wa Agosti. Niambie mkataba wa nyumba yenu unaisha lini, nami nitakwenda chuoni kuuliza wanataka karatasi gani. Mkija Juni mtakaa kwetu mpaka mpate pa kwenu. Besimenti, pale chini ya nyumba, iko wazi na ina choo chake, ila friji mje na ya kwenu, hii yetu mama yako amekwishaijaza sombe, yale majani ya muhogo.

Baba yako